Konokono wa Ziwa Tanganyika na Udongo wa Ufipa

Wasomaji wetu wateremkao kutoka Sumbawanga hadi ufukwe wa Kasanga huenda wakaokota gamba la konokono, zito, lenye mbavu na nundu kama la baharini. Bwana J. E. S. Moore, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1896, kwa kuona mfano huo alisadiki kwamba zamani bahari ilifika huku. Sivyo. Konokono huyu, ambaye wataalamu humwita Lavigeria, ni mzaliwa wa ziwa. Unene wa gamba ni ngao yake dhidi ya kaa. Huzaa watoto walio hai, na chakula chake ni utelezi wa kijani ulio juu ya mawe. Twawaomba wakulima wa miteremkoni wasikie: udongo uchukuliwao na mvua kutoka mashambani huyafunika mawe hayo, na hapo konokono hupungua.