Sukari katika Vipokezi vya Seli: Mfano wa Notch na Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno sukari humrejesha msikilizaji kwenye chai au kwenye ugonjwa wa kisukari. Katika biolojia ya seli, sukari ni jamii pana ya molekuli ambazo kazi yake si kuupa mwili nguvu tu. Makala haya yanachunguza namna sukari zilizoungwa kwenye kipokezi zinavyoathiri ishara zinazopokewa na seli, na istilahi inayofaa kuutaja mchakato huo.

2.0 Kipokezi cha Notch

Notch ni protini inayopenya utando wa seli. Sehemu yake ya nje inaponaswa na ligandi ya seli jirani, kipokezi hukatwa, na kipande cha ndani huingia katika kiini na kuamsha jeni. Nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, ana ligandi mbili za Notch: Delta na Serrate.

Mwaka 2000 ilidhihirishwa kwamba protini iitwayo Fringe ni kimeng'enya. Ndani ya Golgi, kabla Notch haijafika kwenye utando, Fringe huunga N-asetaili-glukosamini juu ya fukosi iliyokwishaungwa kwenye kipokezi. Nyongeza hiyo hukuza mwitikio wa Notch kwa Delta na kuupunguza kwa Serrate.

Athari yake huonekana katika bawa linalokua. Seli za upande wa juu hutengeneza Serrate pamoja na Fringe. Kwa hiyo haziitikii Serrate yao wenyewe, bali Delta itokayo upande wa chini. Seli za chini, zisizo na Fringe, huiitikia Serrate. Pande hizo hukutana mpakani, na hapo ndipo ukingo wa bawa hujengeka. Kwa binadamu, kasoro katika LFNG, jeni mojawapo ya jamii ya Fringe, huweza kuharibu umbo la pingili za uti wa mgongo.

3.0 Istilahi

Istilahi "upambaji kwa sukari" inapotosha, kwani pambo likiondolewa, kitu hubaki kilekile. "Utiaji sukari" nao hudokeza kuyeyuka, kama katika chai. "Uungaji sukari" unafaa zaidi: huonyesha kifungo cha kikemia, na aungaye mchuzi anajua kuwa kiungo hubadili chungu kizima.

4.0 Hitimisho

Mfano wa Notch unaonyesha kwamba sukari ni sehemu ya utendaji wa kipokezi. Istilahi itakayoteuliwa haina budi kuibeba dhana hiyo.