Jina la Mwana wa Mhunzi

Huenda msomaji akadhani kuwa majina ya ukoo ya Wazungu hayana maana. Sivyo. Tulitazame jina moja la nchi ya Ireland, nalo ni McGowan.

Katika lugha ya Kiairishi "mac" ni mwana, na "gabha" ni mhunzi, yule afuaye chuma. Basi Mac Gabhann ni Mwana wa Mhunzi. Mhunzi aliheshimiwa sana, kwani pasipo yeye mkulima hakupata jembe wala askari upanga.

Mwaka 1465, katika enzi ya Mfalme Edward wa Nne wa Uingereza, ilitolewa sheria kwamba Waairishi wakaao katika wilaya za Dublin, Meath, Louth na Kildare wajitwalie majina ya Kiingereza: ya mji, ya rangi, ya kazi au ya cheo. Asiyetii angenyang'anywa mali yake.

Baadaye desturi hiyo ilienea hata nje ya wilaya hizo. Huko Cavan wengi wa ukoo wa Mac Gabhann waliitwa Smith, yaani mhunzi kwa Kiingereza. Kazi ilibaki katika jina, bali neno "mwana" likapotea.

Mwaka 1893 chama cha Gaelic League kiliundwa mjini Dublin ili kuihuisha lugha ya Kiairishi, na wengine wakarudia majina ya wazee wao.

Kwa hiyo Smith mmoja aweza kuwa wa asili ya Uingereza, na mwingine wa Ireland. Jina peke yake halitoshi. Sharti aulizwe pia babu yake ni nani.