Mahali pa Faragha Pana Watu: Somo kwa Vijana Wanaokwenda Kutembea Ziwani

Mpendwa kijana, mvua zikishakatika na mavuno yakishaingia ndani, maneno ya safari huanza. Kwaya inataka kutoka, VIWAWA wanataka kutoka, na wanafunzi wa TYCS waliofunga shule nao hawakubali kubaki nyuma. Michango inakusanywa, gari linatafutwa, na kwenye kundi la WhatsApp kila mtu anataja ziwa lake: Manyara, Babati, Balangida, Basotu, Eyasi. Wengine wanasema kwa kifupi tu, "Twendeni tukale bata."

Somo letu la leo ni kuhusu safari hiyo. Tutachukua mfano wa Ziwa Eyasi, kwa sababu linafundisha jambo ambalo maziwa mengine hayalionyeshi wazi kiasi hicho. Ukiwa Masieda, upande wa magharibi wa Mbulu, unaacha nyuma baridi ya milima na ardhi inashuka kuelekea bonde la Yaeda. Ng'ambo ya bonde hilo ndipo lilipo Eyasi, ndani ya Bonde la Ufa, kama mita 1,030 tu juu ya usawa wa bahari. Milima ya Ngorongoro inalizuilia mvua, kwa hiyo huko ni joto, vumbi, miiba na mibuyu. Ziwa lenyewe ni la chumvi, kina chake ni kifupi, na halina mto unaotoka. Mwaka wa mvua nyingi linajaa. Kiangazi kikikaza, sehemu kubwa inabaki kuwa uwanja mweupe wa magadi.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako, Marko 6:30-46. Soma yote taratibu, kisha rudi hapa. Wengi tunaijua sehemu hii kama habari ya mikate mitano na samaki wawili. Lakini angalia inavyoanza: inaanza na safari ya mapumziko ziwani.

1. Kupumzika si dhambi

Mitume wametoka kufanya kazi. Watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hakuna. Yesu hakuwaambia wakaze tu mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kupanda mtumbwi na kwenda mahali pa faragha wakapumzike kidogo.

Kwa hiyo kijana asiambiwe kwamba kwenda ziwani ni uvivu au anasa ya wasiosali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2185, inataja pumziko la akili na mwili kati ya mambo yanayoistahili siku ya Bwana, pamoja na ibada, furaha na matendo ya huruma.

Tunao mashahidi. Mt. Yohane Paulo II, alipokuwa bado Padre Karol Wojtyła kule Polandi, alikuwa akiwachukua vijana kupiga makasia mitoni na kwenye maziwa. Serikali ya kikomunisti haikutaka mapadre waongoze vijana, basi wao wakamwita "Wujek", yaani Mjomba, asijulikane. Huko porini walisali Misa, na mtumbwi uliopinduliwa ukawa altare. Mwaka 1958 alikuwa kwenye safari ya namna hiyo alipoitwa kuarifiwa kwamba ameteuliwa kuwa Askofu. Akaitikia, kisha akarudi kwa vijana wake majini.

Mwingine ni Mt. Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, aliyefariki tarehe 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24, na kutangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda sana kupanda milima na rafiki zake, na alikuwa mcheshi kweli kweli. Lakini furaha ile haikumtenga na Misa wala na maskini aliowatembelea mjini. Alikuwa kijana yule yule mlimani na kwenye vyumba vya wagonjwa.

2. Walidhani hakuna mtu

Sasa hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Yesu na mitume walikwenda mahali pasipo watu. Walipofika, wakakuta watu. Tena wengi.

Mtume aliyechoka angeweza kuwaona wale watu kama usumbufu: wametuharibia siku yetu. Yesu aliposhuka mtumbwini aliwaona, akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Hakuwaona kama kero, wala kama sehemu ya mandhari. Aliona watu.

Sisi nasi tukiteremka Eyasi tunasema tunakwenda "porini", "nyikani", mahali patupu. Si kweli. Bonde hilo lina wenyewe. Wapo Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kula matunda ya mibuyu. Lugha yao ina sauti za kidoko, na wataalamu hawajathibitisha kwamba ina undugu na lugha nyingine yoyote. Wapo Wadatoga na ng'ombe wao. Wapo Wairaqw na wengine wengi wanaolima, pamoja na wakulima wa vitunguu kule Mangola, kwenye chemchemi za maji baridi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja. Maana yake, hata kwa sheria, pale unapopaita pori ni nyumbani kwa mtu.

Anza na jina. Wahadzabe wamezoea kuitwa "Watindiga", na Wadatoga "Wamang'ati". Majina hayo wamepewa na watu wa nje. Mang'ati ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Hebu fikiria: kijana Mkristo, rozari shingoni, anamwita jirani yake adui huku akicheka, na wala hajui. Mwite mtu kwa jina analojiita mwenyewe. Ni upendo usiogharimu hata shilingi.

Kisha kuna suala la picha. Siku hizi wageni wengi wanakwenda Eyasi kuwatazama Wahadzabe: wapige upinde, wacheze ngoma, wawashe moto kwa vijiti, halafu picha. Si vibaya watu kupata riziki kwa kuonyesha utamaduni wao, ikiwa wameamua wenyewe na malipo yanawafikia. Ila jiulize unachotafuta. Kama unamtazama mzee wa Kihadzabe kama unavyomtazama nyani wa Manyara, umemkosea Mungu aliyemuumba kwa mfano wake (Mwanzo 1:27).

Utasikia mtu anasema, "Lakini si tumelipa?" Ndiyo, umelipa kiingilio na muda wa mwongozaji. Hukumnunua mtu. Hela haikupi ruhusa ya kumpiga picha mama anayenyonyesha, wala ya kumrusha mtoto wa mwenzio kwenye statasi na maneno ya kuchekesha. Omba ruhusa. Ukikataliwa, weka simu mfukoni na uendelee na salamu.

Na tafadhali, msiwapelekee pombe. Pombe inayoletwa na wageni, au inayonunuliwa kwa hela ya wageni, imeleta ugomvi na maradhi katika kambi za Wahadzabe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 146, anatufundisha kuzijali kwa namna ya pekee jamii za wenyeji wa asili. Kwao ardhi si mali ya kuuzwa tu, ni zawadi ya Mungu na ya wahenga wao.

3. Dominika haiachwi nyumbani

Safari nyingi za vijana huangukia Dominika, kwa sababu ndiyo siku watu wana nafasi. Basi gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri na Misa inasahaulika. Hapo tumegeuza mambo: tunaifurahia siku ya Bwana bila Bwana mwenyewe.

Dawa yake ni ratiba tu. Ongeeni na Paroko wiki mbili kabla. Sheria ya Kanisa, Kanuni 1248, inaruhusu kushiriki Misa jioni ya siku inayotangulia, yaani Jumamosi jioni. Au ulizeni Misa ya kigango mtakachopitia ni saa ngapi, mkasali na wenyeji. Mkiwa na Padre mlezi safarini, ni neema zaidi.

Mkumbuke pia wanaowahudumia. Kitabu cha Kutoka 23:12 kinasema pumziko ni la ng'ombe, punda, mtumwa na mgeni pia. Katekisimu namba 2187 inatuonya tusiwabebeshe wengine kazi zisizo za lazima zikawanyima siku ya Bwana. Dereva wenu je, amesali? Dada wa jikoni aliyeamka saa tisa usiku kuwapikia pilau, amekaa chini hata mara moja? Ikiwa pumziko lako linamtoa mwingine jasho siku nzima, shikeni zamu.

4. Jua, maji na tope

Kulinda uhai ni amri ya Mungu, basi tusilione hili kama jambo la pembeni. Maji ya Eyasi ni ya chumvi, hayanyweki. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha kwa kila mmoja, na ya akiba kwa gari kukwama. Kofia, viatu vya kufunika miguu, dawa za huduma ya kwanza. Tembeeni asubuhi na jioni. Jua la mchana kwenye ule uwanja mweupe halina kivuli.

Msiingize gari wala pikipiki kwenye tope lililokauka juu. Linaonekana gumu kama sakafu, kumbe chini ni laini. Mtafuteni mwenyeji awaongoze, na kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia. Hakuna kwenda peke yako, na hakuna wawili "kupotea" nyuma ya vichaka. Usafi wa moyo nao una ratiba yake.

5. Vikapu 12

Rudi kwenye Marko. Watu wameketi kwenye majani mabichi, kikundi kikundi. Wamekula, wameshiba. Halafu? Wakakusanya mabaki, vikapu 12. Yohane 6:12 inaongeza kwamba Yesu mwenyewe ndiye aliyeagiza vikusanywe, kitu kisipotee.

Yale yalikuwa mabaki ya chakula, si takataka. Lakini moyo wake ndio huo huo: aliyeshiba haondoki akaacha mahali pamevurugika. Chupa ya plastiki unayoitupa ufukweni haiendi popote, kwa sababu Eyasi haina mto wa kuitoa. Inabaki hapo, ng'ombe wa Mdatoga anaila. Heroe wanaokuja kula kwenye maji yale ya magadi nao ni wageni wa Mungu. Usiwakimbize ili upate video wakiruka. Ukienda Balangida, chini ya Mlima Hanang, kumbuka watu wanachota chumvi pale, usigeuze mahali pa kazi yao kuwa choo. Kila kikundi kibebe mfuko wake, na takataka zirudi na gari.

6. Akapanda mlimani kusali

Safari ile haikuishia kwenye kula. Yesu aliwaaga watu, akaenda mlimani peke yake kusali. Basi nanyi, kabla ya kupanda gari, tengeni nusu saa ya kimya. Muziki uzimwe, simu zizimwe. Kila mtu aketi mahali pake alitazame ziwa na bonde, amshukuru Mungu, amtaje kwa jina mtu mmoja aliyekutana naye siku hiyo. Kama hakuna hata jina moja unalolikumbuka, basi uliona ziwa tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika safari yetu iliyopita, wenyeji walituona sisi ni watu gani?
2. Tunawaita majirani zetu kwa majina gani, na wao wanajiitaje?
3. Nani alifanya kazi ili sisi tupumzike, na tulimshukuru vipi?

Azimio la wiki

Safari ijayo, kwenye bajeti, andikeni kwanza mistari mitatu: Misa, maji ya kunywa, mifuko ya takataka. Vingine vifuate.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyewaita rafiki zako wapumzike kando ya ziwa, tubariki tunaposafiri. Utupe macho yako, ili mahali tunapodhani ni patupu tuwaone watoto wa Baba yako. Tusiwadharau, tusiwatumie, tusiwaachie uchafu. Uturudishe nyumbani salama, tukiwa na nguvu mpya za kukutumikia. Mt. Pier Giorgio, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristu!