Muuguzi naye anahitaji wa kumsikiliza

Malalamiko kuhusu lugha chafu ya wauguzi si mageni kwa msomaji. Pengine wewe mwenyewe, mkeo au mama yako amewahi kufokewa dirishani, akarudi nyumbani na machozi badala ya nafuu. Sikuja kuwatetea wenye kufanya hivyo. Nimekuja kukiri kwamba mimi, muuguzi mkunga, niliwahi kuwa mmoja wao, na kueleza kilichonirudisha.

Nilikuwa katika zahanati moja upande wa Hombolo, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dodoma mjini. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari nilikuwa zamu peke yangu. Mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka bila kukatika. Nilimchoma sindano, nikamtundikia dripu, nikasugua tumbo, nikapiga simu kuomba gari. Gari lilikwama ng'ambo ya korongo lililojaa maji. Alfajiri yule mama akafariki. Mtoto alipona.

Asubuhi ile hapakuwa na wa kunipokea zamu. Niliosha mikono nikafungua kliniki ya watoto. Baadaye zikaja fomu na vikao. Fomu zilikuwa na nafasi ya kuandika saa, dawa na vipimo. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba mkunga hapati usingizi. Baada ya wiki chache nikawa mtu mwingine. Mama akilia kwa uchungu, namfokea. Ikilia simu usiku, natetemeka.

Wakati ule sikujua kuwa hali hii ina jina. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa, likafafanua kuwa wenyewe si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu; kuichukia kazi au kujitenga nayo; na kujiona huwezi tena kuifanya ipasavyo. Mimi nilikuwa nazo zote. Ukitazama vizuri, ile lugha chafu tunayoilalamikia mara nyingi ni dalili ya pili inayosema kwa sauti.

Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika kuwa kosa linapotokea katika matibabu, mwathirika wa kwanza ni mgonjwa, lakini mtoa huduma ni mwathirika wa pili. Mwaka 2011 hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore ikaanzisha kikosi cha wafanyakazi waliofundishwa kumsikiliza mwenzao aliyepatwa na tukio zito, na wanaitwa saa yoyote. Msomaji asidhani hii ni anasa ya matajiri. Nchini Swaziland, ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini, chama cha wauguzi kilifungua kituo cha kuwahudumia watumishi wa afya na familia zao mwaka 2006, wakati UKIMWI ukiwamaliza wagonjwa na wauguzi pamoja.

Kwetu hapakuwa na mradi wala semina. Palikuwa na mkunga mmoja wa siku nyingi ambaye sote tulimwamkia shikamoo. Siku moja alinikuta nimekaa nyuma ya jengo. Akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Kisha akasema, "Nieleze usiku ule ulivyokuwa." Hakuniambia nisilie. Hakunihukumu wala kunipa mawaidha. Nilipomaliza, akanisimulia wa kwake aliyemfia mikononi akiwa bado kijana. Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya kliniki, watumishi wanne tulikaa nusu saa chini ya mwarobaini.

Yapo mambo niliyojifunza hapo. Kwanza ni siri: yanayosemwa kikaoni ni amana, na yakivuja mara moja hakuna atakayesema tena. Pili, kisigeuzwe kikao cha uchunguzi. Kutafuta kosa kuna siku yake. Tatu, mkuu wa kituo asikiendeshe yeye, kwani mtu hamwambii udhaifu wake anayemjazia tathmini ya kazi. Nne, kiwekwe kwenye ratiba ya zamu, ndani ya saa za kazi. Tano, msikilizaji ajue mpaka wake. Mwenzako akikosa usingizi majuma mengi, akianza kulewa au kusema heri afe, usibaki naye chini ya mti. Mpeleke kwa daktari. Hospitali ya Mirembe ipo hapa Dodoma, na ule utani wetu wa "apelekwe Mirembe" ndio unaowafanya watumishi wengi wafiche maradhi yao.

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Tunakijua kisa cha Salman na Abu Dardai, waliounganishwa udugu na Mtume (SAW) Madina. Salman alipomkuta ndugu yake amejichosha kwa ibada hadi kuisahau nafsi na ahli yake, alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamkumbusha kuwa kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume akasema Salman kasema kweli. Aliyemzuia hakuwa mkubwa wake wa kazi, bali ndugu yake.

Hata hivyo, wakubwa wasituelewe vibaya. Kusikilizana hakujengi daraja juu ya korongo, wala hakuleti mkunga wa pili. Anayetupa kivuli cha mwarobaini badala ya watumishi na gari, ametudhulumu sisi na mama yule. Tunahitaji vyote.

Kwa wewe unayefanya kazi katika hospitali zetu za mjini, kesho zamu ikiisha mtazame mwenzako aliyekuwa mkali wiki hii. Kabla hujamsema kwa wengine, muulize kama amekula. Kisha keti umsikilize.