Kibali cha Kubeba Bastola Unapovuka Mpaka wa Jimbo

Kutoka katikati ya jiji la Philadelphia hadi Camden, New Jersey, ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Msafiri huvuka mto Delaware juu ya Daraja la Benjamin Franklin, na upande wa pili hakuti askari wa mpaka, wala kizuizi, wala mtu wa kumwuliza hati. Leseni yake ya udereva ni halali kule kama ilivyokuwa huku. Cheti chake cha ndoa kinaheshimiwa. Bima ya gari lake inaendelea kufanya kazi. Lakini kibali cha kubeba bastola iliyofichwa, alichopewa Pennsylvania kwa utaratibu wote wa sheria, hukoma kuwa na nguvu mara tu anapoingia upande wa New Jersey.

Somo hili tumeliandaa kwa ajili ya wakazi wa Pennsylvania wasomao Kiswahili, ambao wana kibali cha namna hiyo au wanakusudia kukiomba. Hatumhimizi mtu yeyote kununua silaha, wala hatumkatazi. Hilo ni shauri la kila nyumba. Tunachotaka kueleza ni mahali kibali kinapoishia, kwa kuwa wengi hulijua jambo hili wakiwa tayari wamesimamishwa kando ya barabara.

Kibali ni cha jimbo, si cha taifa

Wengi wa wasomaji wetu walikulia katika nchi ambamo leseni ya silaha hutolewa na mamlaka ya taifa. Mwenye leseni nchini Kenya haombi nyingine anapotoka Nakuru kwenda Mombasa. Ni rahisi basi kudhani kwamba Marekani nayo, ikiwa ni taifa moja lenye bendera moja, ina kibali kimoja. Haina. Hakuna ofisi ya serikali ya shirikisho inayompa raia wa kawaida kibali cha kubeba bastola nchi nzima, na yeyote anayekuuzia hati yenye jina hilo anakuuzia karatasi.

Hapa Pennsylvania, kibali hutolewa na sherifu wa kaunti unamoishi, isipokuwa ndani ya jiji la Philadelphia, ambako kazi hiyo ni ya idara ya polisi. Mwombaji awe ametimiza miaka 21. Ada ni dola 20, na kibali hudumu miaka 5. Sheria yetu haimlazimishi mwombaji kuhudhuria mafunzo yoyote. Baadhi ya majimbo mengine hudai saa nyingi darasani pamoja na jaribio la kulenga shabaha, na hiyo ni sababu mojawapo inayoyafanya yasite kukubali vibali vya wenzao.

Swali ni unakoingia, si unakotoka

Kila jimbo hujiamulia vibali gani vya nje litavipokea. Majimbo mengine hupokea vyote. Mengine hupokea vile tu vya majimbo yaliyotiliana nayo makubaliano, au ambayo masharti yake ya kutoa kibali yanakaribiana na yao. Mengine hayapokei hata kimoja. Aidha, hadi mwishoni mwa mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yameondoa ulazima wa kibali kwa mtu mzima asiye na zuio la kisheria. Katika majimbo hayo anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza kuibeba bila karatasi yoyote.

Uhuru huo una mtego wake. Vermont haijawahi kudai kibali, na kwa hiyo haitoi kibali. Mkazi wake anapoingia jimbo linalotaka hati, hana cha kuonyesha. Tena umri hautoshani. Indiana, iliyoondoa ulazima wa kibali mwaka 2022, iliruhusu kuanzia miaka 18. Ohio, iliyofanya hivyo mwaka huohuo, ilibaki na miaka 21. Kijana wa miaka 19 anayetoka Richmond upande wa Indiana kwenda Dayton kumtembelea shangazi yake huwa mkosaji akiwa njiani, ingawa hakubadilisha chochote mfukoni mwake.

Kwa mkazi wa Pennsylvania hali ya majirani ni hii. Magharibi na kusini-magharibi, Ohio na West Virginia hazina shida naye akiwa na miaka 21. Mashariki New Jersey, kaskazini New York, na kusini Maryland hazitambui kibali chake hata kidogo. Safari ya kwenda harusini Newark, mazishini Baltimore au kwa ndugu walioko Syracuse inamtoa mtu katika ulinzi wa kibali chake, na safari hizo ndizo familia zetu huzifanya mara nyingi.

Tumewasikia watu wakisema kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha kulimaliza jambo hili. Hukumu wanayoikusudia ni ile ya tarehe 23 Juni 2022, iliyofuta sharti la New York lililomtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee ya kuhitaji kubeba silaha. Hukumu hiyo ilitamka kwamba haki ya kubeba silaha nje ya nyumba inalindwa na Katiba. Haikuliamuru jimbo lolote kupokea kibali cha jimbo jingine. Mbele ya Bunge pia hoja imefika: mwezi Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuyalazimisha majimbo kutambuliana vibali, nao ukafia Seneti. Muswada si sheria, hata ukitangazwa kwa sauti kubwa namna gani.

Yaliyompata mama mmoja wa Philadelphia

Mwezi Oktoba 2013, mama mmoja mkazi wa Philadelphia, mlezi wa watoto wawili, alisimamishwa na askari wa barabarani huko New Jersey kwa kosa dogo la uendeshaji. Alikuwa na kibali cha Pennsylvania. Kwa uaminifu, na bila kushurutishwa, alimweleza askari kwamba ana bastola na kibali chake. Alikamatwa. Sheria ya New Jersey ilimweka katika hatari ya kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu, bila hakimu kuwa na nafasi kubwa ya kumhurumia. Baada ya kesi yake kuzungumzwa nchini kote, mwendesha mashtaka alikubali mwaka 2014 aingizwe katika mpango wa kuepushwa na kifungo, na tarehe 2 Aprili 2015 Gavana Chris Christie alimsamehe.

Tunaeleza kisa hiki kwa sababu hakuwa mhalifu, hakuficha kitu, na hakumtishia mtu. Alidhani tu kwamba kibali kinafanya kazi kama leseni ya udereva. Wala msomaji asijipe moyo kwa huo msamaha. Gavana alimsamehe mama huyo peke yake. Sheria aliyoivunja haikufutwa, na mtu mwingine anayekamatwa leo pale pale hana ahadi yoyote ya kusamehewa.

Kwa asiye raia, hatari ni kubwa kuliko kifungo

Sehemu hii tunaomba isomwe polepole. Sheria ya shirikisho ya uhamiaji inasema kwamba mtu asiye raia, akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Haijalishi kama ana ukaazi wa kudumu. Haijalishi aliingia kama mkimbizi, wala ameishi hapa miaka mingapi, wala watoto wake wamezaliwa wapi. Raia aliyevuka daraja na bastola anaweza kupoteza fedha na uhuru wake kwa muda. Jirani yake mwenye kadi ya kijani, kwa kosa lilelile, anaweza kupoteza nchi.

Kwa hiyo asikubali kukiri kosa ili apunguziwe adhabu kabla ya kuzungumza na wakili, na amweleze wakili huyo waziwazi hali yake ya uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010 katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumwambia mteja wake kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Asipokuambia, muulize.

Wenye viza za muda, wakiwamo wanafunzi na wageni wa matembezi, kwa kawaida wamekatazwa na sheria ya shirikisho hata kumiliki silaha, na misamaha iliyopo ni michache. Kwao kibali cha jimbo hakisaidii kitu.

Kusafirisha si kubeba

Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri apitaye tu katika jimbo lisilotambua kibali chake. Ulinzi wake ni mwembamba. Silaha iwe halali kwako unakotoka na unakokwenda. Iwe haina risasi. Silaha na risasi visiwe mahali ambapo mkono wa aliyeketi garini unaweza kufika, ndiyo kusema viwe ndani ya buti. Gari lisilo na buti iliyotengwa, kama yalivyo mengi ya familia, linahitaji sanduku lenye kufuli. Kisanduku cha dashibodi hakikubaliki, wala kile kilicho katikati ya viti, hata kikiwa na ufunguo.

Tena ulinzi huo ni wa safari, si wa makazi. Mwaka 2005 msafiri mmoja kutoka Utah, akielekea Allentown, alikwama uwanja wa ndege wa Newark baada ya kukosa ndege ya kuunganisha. Akakabidhiwa begi lake, lenye bastola iliyofungiwa, akalala nalo hotelini. Kesho yake aliporudi uwanjani na kuitaja bastola hiyo kama inavyotakiwa, alikamatwa. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufani ya shirikisho, ambayo mamlaka yake yanafika pia Pennsylvania, iliamua mwaka 2010 kwamba sheria ya 1986 haikumlinda: usiku ule silaha ilikuwa karibu na mkono wake. Uamuzi huo ni mgumu, nasi hatuoni msafiri yule angefanya nini rahisi zaidi. Ila ndio unaotumika.

Wasafiri wa ndege wanaifungia silaha isiyo na risasi katika kasha gumu lenye kufuli, wanaitangaza kaunta, na inasafiri na mizigo ya chini. Haiendi katika begi la mkononi. Mwaka 2023 maofisa wa usalama wa viwanja vya ndege nchini walikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, nyingi zikiwa na risasi ndani. Faini inaweza kukaribia dola 15,000.

Matangazo ya mafunzo

Ofisi kama yetu inawajibika pia kusema neno kuhusu wanaouza mafunzo ya vibali, hasa mtandaoni, kwa ahadi ya “majimbo thelathini na zaidi”. Mara nyingi kinachouzwa ni njia ya kupata kibali cha jimbo kama Utah au Arizona, ambayo hutoa vibali hata kwa wasio wakazi. Kibali hicho ni halali. Lakini majimbo kadhaa, Colorado na Michigan yakiwamo, hutambua kibali cha nje pale tu mwenye nacho anapokuwa mkazi wa jimbo lililokitoa. Anayeishi Lancaster na kushika kibali cha Utah anaweza kuwa amelipia orodha ndefu ambayo sehemu yake haimhusu. Kabla ya kulipa, dai orodha iliyoandikwa ya majimbo yanayokitambua kibali hicho mikononi mwa mkazi wa Pennsylvania, pamoja na tarehe ya orodha. Muuzaji akikwepa, umekwisha kujua la kufanya na fedha zako.

Tarehe ni muhimu kwa kuwa orodha hizi hubadilika. Mwezi Desemba 2015 Mwanasheria Mkuu wa Virginia alitangaza kuacha kutambua vibali vya majimbo 25. Wiki chache baadaye yalipatikana makubaliano ya kisiasa, na uamuzi ukageuzwa. Aliyechapisha orodha katikati ya wiki hizo alikuwa na orodha ya uongo mwezi uliofuata.

Orodha ya kuaminiwa ni ya jimbo unaloingia: ya polisi wa jimbo hilo au ya Mwanasheria Mkuu wake. Isome siku chache kabla ya safari. Ukiwa hapo, angalia na mambo mengine, maana hata jimbo linalokupokea linakupokea kwa sheria zake. Michigan inakutaka umweleze askari mara moja kwamba umebeba silaha. Ohio inakutaka useme ukiulizwa. New Jersey inazuia magazini yenye uwezo wa kubeba zaidi ya risasi 10. Na sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, yaani kama mita 300; nafuu iliyomo ni ya mwenye kibali kilichotolewa na jimbo lenye shule hiyo, si jimbo jingine. Mjini ni vigumu kuendesha gari robo saa bila kupita karibu na shule.

Familia za Erie hutuuliza kuhusu Maporomoko ya Niagara. Kanada haitambui kibali chochote cha Marekani, na hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni kwamba kabla ya kufika Kanada kuna New York, na mpaka wake uko chini ya nusu saa kutoka Erie. Bastola ibaki nyumbani, imefungiwa, kabla gari halijatiwa moto.