Uvimbe wa Kizazi: Damu Nyingi Isikaliwe Nyumbani

Uvimbe huu ni nini
Ni nyama ngumu inayoota kwenye mji wa mimba. Wataalamu huuita fibroidi. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya mpunga au mkubwa hadi tumbo likaonekana la mimba. Karibu wote si saratani. Hauambukizwi, na hauletwi na sindano ya uzazi wa mpango.

Nani huupata
Zaidi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wengi wao hawahisi chochote.

Damu
Hapa ndipo wanawake wanapoumia. Hedhi inayozidi siku 7, inayotoka mabonge, au inayolowesha pedi au kitambaa kila saa si ya kawaida, hata kama mama na bibi walikuwa hivyo. Mwanamke huzoea, akaendelea kupalilia mpunga, mwishowe anafikishwa hospitali midomo imepauka, moyo unamwenda mbio, hawezi kusimama. Malaria na minyoo, ambavyo wilayani Kyela havikosekani, humpunguzia damu zaidi. Asikae nyumbani na damu. Anayezimia au kuhema akiwa amekaa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mume asisubiriwe arudi kutoka ziwani.

Dalili nyingine ni tumbo kujaa chini, maumivu ya kiuno, kukojoa mara kwa mara na choo kigumu.

Mizizi ya kuyeyusha uvimbe
Hakuna mzizi uliothibitika kuyeyusha uvimbe. Dawa za kienyeji za kuweka ukeni huweza kuchubua na kuleta maambukizi. Hasara kubwa kuliko zote ni muda: chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na damu inatoka. Asikae nyumbani na damu.

Kipimo na matibabu
Zahanati ndiyo hatua ya kwanza. Kutoka hapo rufaa huenda Hospitali ya Wilaya ya Kyela, Hospitali ya Matema, au Hospitali ya Meta jijini Mbeya. Uvimbe huonekana kwa picha ya utrasaundi. Usiosumbua huangaliwa tu. Unaotoa damu hutibiwa kwa vidonge vya kupunguza utokaji wa damu, dawa za homoni na vidonge vya kuongeza damu. Dawa zikishindwa, ni upasuaji. Kutoa uvimbe peke yake hubakiza kizazi, ila unaweza kuota tena. Kuondoa kizazi chote humaliza tatizo, lakini mimba haitashika tena. Tendo la ndoa huendelea baada ya kupona. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe, baada ya kuuliza mpaka aridhike.

Wa Ikombe na vijiji vingine vinavyofikiwa kwa mtumbwi waondoke mapema, kabla ziwa halijachafuka. Ndugu wenye afya waandamane na mgonjwa, huenda wakahitajika kuchangia damu.

Mimba
Mwenye uvimbe anaweza kuzaa. Aanze kliniki mapema na ajifungulie hospitali.

Baada ya hedhi kukoma
Uvimbe mwingi husinyaa wenyewe. Damu ikitoka tena, hata tone, mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma, hiyo si hedhi iliyorudi. Inaweza kuwa saratani, na hupimwa wiki hiyohiyo.