Kuthibitisha Ukaazi Kianjai: Mwongozo kwa Mfanyakazi Anayeomba Basari na Nafuu za Wakaazi

Fomu ya basari ikitolewa Kianjai, mengi yanayoulizwa mwanzoni hayahusu karo wala alama za mtoto. Yanauliza unakaa wapi: wadi, lokesheni, sabulokesheni, kijiji. Aliyezaliwa hapa na kuoa hapa huijaza sehemu hiyo bila kufikiri. Lakini kuna mwalimu aliyehamishiwa huku, kijana wa bodaboda aliyepanga chumba kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, mama anayeuza nyanya sokoni ilhali kitambulisho chake kilitolewa Kitui, na baba anayelinda geti Nairobi huku watoto wakiishi kwa nyanya yao. Kwa hao, mistari hiyo michache ndiyo inayoamua kama fomu itasomwa hadi mwisho. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Jua kwanza unaulizwa nini

Kabla ya kukimbilia kwa chifu, jua ofisi unayoiendea inataka uthibitishe jambo gani. Watu huchanganya mambo manne: uraia, ukaazi, uzawa na usajili wa mpiga kura. Hayafanani, na karatasi inayothibitisha moja haithibitishi jingine.

Kianjai ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Tigania Magharibi, pamoja na Athwana, Akithii, Mbeu na Nkomo. Kwa sababu hiyo, mkaazi wake anaweza kuomba msaada katika mifuko miwili tofauti. Wa kwanza ni NG-CDF, yaani mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, unaoendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2015, na mipaka yake ni eneo bunge zima: mtu wa Kianjai na mtu wa Mbeu huingia foleni moja. Wa pili ni basari ya Kaunti ya Meru, ambayo kwa kawaida hushughulikiwa katika ngazi ya wadi. Hapo mpaka una maana kubwa zaidi. Anayelala upande wa Akithii ataomba Akithii, hata kama duka lake na kanisa lake viko Kianjai.

Basari za kaunti ziliingia katika mvutano Januari 2025, pale Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kuwalipia wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu, kwa kuwa Katiba imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo pita kwanza katika ofisi ya msimamizi wa wadi na uulize kama maombi yamefunguliwa, ndipo utumie pesa kwa nakala na nauli.

Nafuu ya kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Meru ni jambo jingine kabisa. Wengi hudhani kwamba mtu wa Tigania hulipa kidogo kwa kuwa mbuga iko katika kaunti yake. Langoni Murera kinachotazamwa ni uraia. Mkenya kutoka Kianjai na Mkenya kutoka Kisumu hulipa kiwango kimoja cha raia, na kila mmoja sharti aonyeshe kitambulisho. Chama au kikundi cha kanisa kikipanga safari, kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi. Picha iliyo kwenye simu isitegemewe. Barua ya chifu haina kazi hapo.

Ukaazi si ukoo

Hili linahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu ndilo linalowaumiza wapangaji na wageni. Kifungu cha 39 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini Kenya. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila au kuzaliwa. Mkamba au Mturkana aliyepanga Kianjai na kulea watoto wake hapa ni mkaazi wa Kianjai. Hahitaji kuwa na shamba wala mwiriga, yaani ukoo wa hapa. Afisa akikuuliza baba yako ni wa ukoo gani, mjibu kwa heshima, kisha umrudishe kwenye swali la fomu, ambalo ni mahali unapoishi.

Kitambulisho nacho kisikutie hofu. Kile cha kizazi cha pili kina wilaya, tarafa, lokesheni na sabulokesheni upande wa nyuma, nacho hueleza mahali ulipoandikishwa ukiwa na miaka kumi na minane au baadaye. Hakielezi unapolala leo. Ndiyo maana fomu huhitaji saini ya mtu wa tatu anayekujua, na katika utawala wetu mtu huyo ni chifu au naibu wake.

Barua ya chifu

Usianzie kwa chifu. Anza na mzee wa kijiji, kwa sababu naibu wa chifu atamwuliza yeye kwanza. Mzee akisema hakujui, barua yako imekwama hapo. Mpangaji mpya ajitambulishe kwake mapema, wiki ile ile anapohamia, akiwa na mwenye nyumba ikiwezekana. Hudhuria baraza hata mara moja moja. Mtu anayefanya kibarua kuanzia alfajiri hadi jioni haonekani kijijini, na asiyeonekana ni vigumu kumtolea ushahidi. Kama kazi haikuruhusu, mwenzi wako ahudhurie na ataje majina yenu mawili.

Ukifika ofisini, beba kitambulisho halisi na nakala yake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule au muundo wa karo, na fomu yenyewe ikiwa sehemu ya shule imeshajazwa na kugongwa muhuri wa mwalimu mkuu. Mtoto akiwa yatima, beba cheti cha kifo. Wengi huanza na chifu na kumalizia na shule, kisha shule ikiandika jina tofauti kidogo hulazimika kurudi tena. Kwa fomu yenyewe, anza na shule.

Barua ikishaandikwa, isome kabla ya kuondoka. Mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Kama hukisomi vizuri, omba usomewe, na hakuna aibu katika hilo. Tazama jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, kijiji na sabulokesheni, muda ambao umeishi hapo, tarehe, jina la aliyetia saini, na muhuri. Muhuri uwe unasomeka. Muhuri uliogongwa kwa kidau cha wino kilichokauka, ukaacha nusu duara ya buluu na tarehe isiyoonekana, ni kama haupo. Omba ugongwe tena hapo hapo. Barua inayosema tu kwamba unajulikana kwa mwandishi haitoshi. Iseme unaishi wapi na tangu lini.

Chifu na naibu wake ni watumishi wa serikali wanaolipwa mshahara. Hakuna ada ya serikali kwa barua hiyo. Ukiombwa pesa ya chai, ya wino au ya mafuta ya pikipiki, omba risiti ya serikali. Risiti isipopatikana, hiyo ni hongo, na mlalamikaji anaweza kumwendea Naibu Kamishna wa Kaunti au Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Najua ugumu wake: mtu huogopa kumshtaki ofisa atakayemhitaji mwaka ujao. Hata hivyo, kibarua anayetoa shilingi mia mbili kwa barua ya bure amekula ujira wake mwenyewe, na jirani yake atadaiwa mia tatu.

Ushahidi wa mpangaji

Anayeishi katika nyumba ya kupanga mara nyingi hana bili kwa jina lake. Mita ya tokeni za umeme imeandikishwa kwa mwenye nyumba, na maji vilevile. Mkataba wa kupanga, hata wa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, utiwe saini na pande mbili na shahidi, na uonyeshe kijiji na tarehe ya kuanza. Lipa kodi kwa M-Pesa badala ya pesa taslimu. Taarifa ya miezi kadhaa inayoonyesha malipo yale yale kwa mtu yule yule ni ushahidi mzuri wa kukaa. Weka pamoja kitabu cha kliniki cha mtoto, ripoti za shule ya karibu anayosoma, na kadi ya chama cha bodaboda au cha akiba cha hapa.

Barua ya mwajiri inasaidia, ila ina udhaifu wake. Inathibitisha unapofanyia kazi, ilhali wapo wanaofanya kazi Kianjai na kulala Meru mjini. Ukiitumia, mwajiri aongeze mahali unapoishi.

Mwenye shamba naye ana shida yake. Katika sehemu kadhaa za Tigania, upimaji na ugawaji wa mashamba ulichukua miaka mingi, na familia nyingi zimeishi na namba ya shamba bila hatimiliki. Namba hiyo na karatasi za ofisi ya ardhi zitumie bila wasiwasi. Fomu haikuulizi umiliki kamili wa ardhi, inakuuliza makazi.

Majina yasiyolingana

Hapa Meru jambo hili huharibu maombi mengi kimyakimya. Kitambulisho cha baba kinasema M'Ikiara, cheti cha mtoto kinasema Ikiara, na shule imeandika Mikiara. Karani asiyeijua familia anaona watu watatu. Mama naye huenda ana jina la ubatizo kwenye cheti kimoja na la nyumbani kwenye kingine. Suluhisho la haraka ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo au hakimu, ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Suluhisho la kudumu ni kusahihisha cheti katika ofisi ya usajili wa vizazi. Fanya hivyo miezi ambayo hakuna basari, wakati foleni ni fupi na hakuna tarehe ya mwisho inayokukimbiza.

Anayefanya kazi mbali

Kama unafanya kazi Nairobi au Isiolo na mtoto anaishi kwa nyanya yake Kianjai, amua mapema nani atakuwa mwombaji. Ushauri wangu ni kwamba mlezi anayeishi na mtoto ndiye aandikwe, kwa kitambulisho chake, na barua ya chifu iseme kwamba mtoto yuko chini ya uangalizi wake. Taja pia wazazi na kazi yao. Kuficha baba mwenye mshahara ni uongo utakaogunduliwa. Usiombe kwa mtoto mmoja katika maeneo bunge mawili. Kughushi hati au kuwasilisha hati ya uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mtoto wa jirani asiye na mtu ndiye anayekosa nafasi.

Wenye ndugu Marekani watasikia swali hilihili kwa sura nyingine. Vyuo vikuu vya umma huko hutoza wakaazi wa jimbo karo ya chini. Chuo Kikuu cha California hutaka mtu awe ameishi jimboni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuhesabiwa mkaazi, na aonyeshe kwamba amekuja kukaa, kwa leseni ya udereva, kodi ya mapato na mengineyo. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahesabiwi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu aanze kukusanya karatasi hizo mwezi anaofika.

Kuhusu kura

Fomu nyingine huuliza kituo chako cha kupigia kura. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kuishi hapa na kupiga kura kwingine. Kama umehamia kwa kweli, hamisha usajili wako kupitia tume ya uchaguzi, IEBC. Sheria ya uchaguzi inataka ombi lifike angalau siku tisini kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Fanya hivyo kwa sababu ni haki yako kuchagua viongozi wa unapoishi. Lakini kumnyima mtoto karo kwa sababu mzazi wake amesajiliwa katika eneo bunge jingine kama Maara ni dhuluma, na anayeambiwa hivyo kwa mdomo aombe aandikiwe.

Ukikataliwa

Usiondoke na jibu la dirishani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuuliza vigezo vilivyotumika na orodha ilivyopangwa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku ishirini na moja. Ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman. Barua ya kuomba habari inaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kwa mkono. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada yoyote. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo urudi nayo nyumbani.